Mbuzi wangu wanatupa mimba na mimi homa haiishi. Kuna uhusiano?

#1 Mchunga wa Nala
Wakuu, habari za jioni.

Naishi Nala, nje kidogo ya Dodoma mjini. Nina mbuzi 16 na ng'ombe 2 wa maziwa. Tangu Februari mbuzi 3 wametupa mimba, wote zikiwa zimeshakuwa kubwa. Yule wa kwanza alikwama usiku. Nilivua saa, nikanawa, nikaingiza mkono mtupu na kuvuta kitoto, kikatoka kimekufa. Zalio halikutoka hadi asubuhi. Nilipolivuta lilikuwa gumu kama ngozi iliyoanza kukauka, lina rangi ya udongo na harufu ambayo sijaisahau hadi leo. Nikamtupia mbwa.

Kama wiki 3 baadaye homa ikaanza. Inapanda jioni, usiku natoka jasho mpaka mke wangu anabadilisha shuka, asubuhi naamka nimechoka lakini naenda kibaruani. Mgongo na nyonga vinauma kama nimebeba magunia. Zahanati ya kwanza kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nikapewa dawa mseto hivyo hivyo. Ya pili wakasema taifodi, sindano siku 5. Ya tatu wakasema taifodi imejirudia na UTI juu yake, nikapewa doksi ya siku 7. Hiyo ndiyo ilinipa nafuu kidogo, wiki 2 tu, kisha mambo yakarudi palepale. Shati langu la kanisani sasa linanipwaya.

Sehemu zote 3 hakuna aliyeniuliza kama nafuga. Swali langu: inawezekana hii homa imetoka kwa mbuzi?

#2 Nimekaa Pembeni
Pole sana mkuu. Ngoja waje wajuvi.

#3 Fundi Maabara
Pole ndugu. Niko kwenye kazi ya maabara, mwaka wa 11 sasa, naomba niseme kwa tahadhari.

Kama kipimo cha taifodi ulichopimwa ni kile cha tone la damu kwenye kigae cheupe, yaani Widal, kukisoma mara moja hakutoshi kabisa. Mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonyesha, na homa nyingine pia zinaweza kukidanganya. Sisemi huna taifodi, ipo na visima vyetu tunavijua. Ila kwa kuwa umetaja mbuzi, usiirukie bruselosisi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, kabla hujaondoa kifua kikuu. Jasho la usiku, kupungua mwili, uchovu, hiyo ni picha ya TB kabisa. Unakohoa? Maziwa ya ng'ombe wako mnayanywaje?

#4 Bwana Mifugo Mstaafu
Mbukwenyi.

Mleta uzi, hilo zalio ulilolieleza ndilo limenifanya niandike. Gumu kama ngozi, mimba imetupwa katika miezi ya mwisho, mbuzi zaidi ya mmoja ndani ya msimu mmoja. Nimefanya kazi ya mifugo Mpwapwa na Kongwa, na jambo la kwanza ningelishuku ni bruselosisi, ule tulioufundishwa kuuita ugonjwa wa kutupa mimba. Bakteria wake hujazana kwenye zalio, maji ya uzazi na kitoto kilichokufa. Baadaye hutoka kwenye maziwa. Mtu huupata kwa kushika uchafu huo akiwa na mchubuko, kwa kuvuta hewa yenye matone yake, au kwa kunywa maziwa mabichi. Wiki 3 baada ya kuingiza mkono ni muda unaokubalika.

Na huyo mbwa uliyemtupia amelitembeza zalio boma zima. Usirudie. Zalio linachimbiwa shimo refu au linachomwa, na mkono unavaa glovu. Kama glovu hakuna, vaa mifuko 2 ya plastiki uifunge kwa kamba juu ya kiwiko.

Ila nisiwe mwongo: zalio peke yake halithibitishi. Mbuzi hutupa mimba kwa mambo mengi. Mpaka damu ipimwe.

#5 Binti wa Mvumi
Mimi naona wote mmekimbilia mbuzi. Mkuu, homa inayopanda siku chache, inaacha, inarudi, sisi huku kwetu tunaanza na homa ya papasi. Nyumba yenu ni ya namna gani? Umelala kwenye nyumba ya tembe, ya udongo, hivi karibuni? Papasi anakaa kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, anakuja usiku anakunywa damu, kabla ya alfajiri kesharudi ufani. Huwezi kumwona. Mama yangu mdogo ilimpata akiwa na mimba ya miezi 7, na mtoto hakupona. Ilionekana kwenye damu iliyochukuliwa wakati homa imepanda. Siku mbili kabla yake walikuwa wamepima wakasema hana kitu.

Na doksi inatibu homa ya papasi pia. Kwa hiyo hiyo nafuu ya wiki 2 haithibitishi habari ya mbuzi.

#6 Mzee wa Hombolo
Vijana mnatisha watu. Baba yangu alikunywa maziwa ya kibuyu bila kuyaweka motoni maisha yake yote, alizikwa na miaka 91. Babu pia. Mimi nina 68 na nakunywa. Mbuzi tuliwazalisha kwa mikono, glovu ilikuwa wapi? Haya magonjwa yenu yamekuja na ng'ombe wa kisasa na dawa zenu za sindano.

#7 Mrangi Halisi
Mzee wangu wa #6, shikamoo. Kwa heshima zote, nikuulize: hao wazee waliokuwa wakilalamika mgongo na magoti miaka nenda miaka rudi, tukasema ni uzee, nani aliwapima?

Naandika kwa sababu ya kaka yangu. Anachunga huko Chemba. Mwaka juzi homa ilimshika, kisha korodani moja ikavimba ikawa kama embe dodo. Hospitali ya kwanza walimtibu gonjwa la zinaa. Shemeji yangu alifunga mizigo akarudi kwao Haneti, na wazee wakaitwa. Kaka aliapa kwa kila kitu, hakuna aliyemwamini, hata mimi sikumwamini, na hilo linaniuma mpaka leo. Miezi 4 baadaye daktari mmoja kijana alimuuliza swali moja tu: "Kazi yako nini?" Alipotaja mifugo akapimwa bruselosisi, ikaonekana. Dawa 2 kwa pamoja, wiki 6 bila kuruka siku. Uvimbe ukaisha. Shemeji alirudi, lakini ile nyumba haijawa kama zamani.

Nawaomba wanaume wafugaji mlisome hili vizuri. Korodani kuvimba ni mojawapo ya dalili za ugonjwa huu, kunatajwa hata kwenye vitabu.

#8 Binti wa Mvumi
@Mrangi Halisi pole sana. Hilo sikulijua.

#9 Mwalimu wa Sayansi
Naongezea historia kidogo kwa ajili ya Mzee wetu wa #6. Ugonjwa huu haukuja na ng'ombe wa kisasa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alivipata vijidudu hivi kwenye wengu za askari waliokufa kisiwani Malta. Jina la bakteria limetoka kwake. Kwa miaka 18 hakuna aliyejua askari wanaupata wapi. Walishuku maji, wakashuku hewa. Mwaka 1905 Mmalta Themistocles Zammit akapima mbuzi waliokuwa wakikamuliwa mlango kwa mlango, akakuta wanao, na mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa ya mbuzi na wagonjwa wakapungua ghafla.

Hapo pa mbuzi kuonekana wazima ndipo pa kutuogopesha sisi.

#10 Kibaigwa Kwetu
Tusisahau njaa jamani. Mbuzi wa Dodoma anatupa mimba kwa njaa tu! Mvua zetu ni za msimu mmoja, zikikata mapema malisho yanaisha, jike anatupa ili aponyeke. Mwaka wa ukame mimi niliwahi kupoteza mimba 5, nikaongeza pumba na mashudu zikaacha. Hakuna daktari wala bruselosisi. Halafu sotoka ya mbuzi nayo inatupisha mimba, na hiyo haimpati binadamu.

#11 Bwana Mifugo Mstaafu
@Kibaigwa Kwetu ni kweli kabisa, njaa ipo na sotoka ipo. Lakini sotoka ungeona makamasi, vidonda mdomoni, kuhara na vifo. Mleta uzi hajataja hayo. Na Februari Nala kuna majani.

Orodha ni ndefu kuliko hii. Ipo homa ya Q, nayo inatoka kwenye zalio na inasafiri na vumbi la zizi. Ipo toksoplazima inayoletwa na kinyesi cha paka kwenye malisho. Zote zinampata mtu. Mke wa mleta uzi kama ni mjamzito asiguse mbuzi anayezaa, asifagie zizi lile. Hapo sitaki mjadala.

Na ipo moja nyingine ambayo watu wa Dodoma hatupaswi kuisahau.

#12 Kisu Kikali
Unasema ile Homa ya Bonde la Ufa ya 2007. Nilikuwa na bucha Majengo, acha nieleze.

Mvua za mwisho wa 2006 zilikuwa kubwa, mbu walikuwa kama moshi. Januari tukaanza kusikia kondoo wanatupa mimba vijiji vizima, halafu watu wanatoka damu puani na kwenye fizi. Wateja walianza kupungua mmoja mmoja, mwisho nikawa nakaa na nyama ndoanoni kutwa nzima, jioni naichukua mwenyewe. Kuku, samaki na maharage vikapanda bei. Kijana aliyekuwa ananichinjia, mtu wangu wa miaka 6, aliugua Jumatatu, Ijumaa hakuwa anaona vizuri jicho la kulia. Alipona homa, jicho halikurudi kama mwanzo. Yeye hakula nyama mbaya. Damu ilimrukia usoni.

#13 Nimekaa Pembeni
Dah. Walikufa wangapi mwaka ule? Nasikia watu zaidi ya 500.

#14 Mwalimu wa Sayansi
@Nimekaa Pembeni hapana. Shirika la Afya Duniani hadi mwanzoni mwa Mei 2007 lilihesabu wagonjwa 264 Tanzania, vifo 109. Maandiko ya baadaye yanataja wagonjwa 309 na vifo 144. Hesabu zinatofautiana kwa sababu wengine wanahesabu waliothibitishwa maabara tu, wengine wanaingiza walioonyesha dalili. Ila zote zinakubaliana kwamba Dodoma iliongoza.

Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa Kenya, karibu na Naivasha, na kuandikwa mwaka 1931. Mbu wa jamii fulani hutaga kwenye mabwawa ya msimu, na mayai yao yanaweza kubeba kirusi yakakaa kwenye udongo mkavu miaka. Mafuriko yakija yanaanguliwa. Ndiyo maana tunapumzika miaka 10 tukidhani umeisha.

#15 Mama wa Kizota
Samahani naingilia. Kwa hiyo nyama ya ng'ombe ilikuwa na sumu au haikuwa? Maana mimi mwaka ule niliacha kabisa na watoto wakakonda bure.

#16 Bwana Mifugo Mstaafu
@Mama wa Kizota nyama iliyopikwa ikaiva haikuwa na shida, mama. Kirusi hakistahimili moto, na hata nyama yenyewe ikikaa baada ya kuchinjwa hupata uchachu unaokidhoofisha. Hatari ilikuwa kwa anayechinja, anayechuna, anayemzalisha mnyama, na anayekunywa maziwa mabichi. Na mbu. Wengi walioupata waliugua kama mafua makali wakapona bila kujua. Wachache ndio walitoka damu, na katika hao karibu nusu walikufa. Mifugo ina chanjo. Binadamu wa kawaida hadi sasa hana.

Mleta uzi, homa ya Bonde la Ufa haikai miezi. Kwa hiyo kwako siioni.

#17 Kijana wa Kongwa
Ndiyo maana sisi tunakula kitimoto. Nguruwe hana bruselosisi, hana Bonde la Ufa, anaiva vizuri, ndizi pembeni. Karibuni.

#18 Mrangi Halisi
Huyo naye! Mada ni homa, wewe umeleta sahani.

#19 Muuguzi wa Zamu
@Kijana wa Kongwa nguruwe naye ana bruselosisi ya kwake. Na kwa kuwa umetaja Kongwa, watafiti wamewahi kupima nguruwe huko wakakuta minyoo ya tegu. Nyama yenye tegu ina vijipunje vyeupe kama mchele uliolowa. Wachuuzi wanaufungua mdomo wa nguruwe kwa kijiti na kupapasa chini ya ulimi kabla ya kulipa. Ukila hiyo nyama haijaiva unapata kifafa. Nimepokea vijana wengi wa kifafa na kwao ndugu wanakwenda kwa waganga.

#20 Mwalimu wa Sayansi
@Muuguzi wa Zamu dada, naomba nirekebishe hapo kwenye kifafa, maana wengi tunakosea. Ukila nyama yenye vijipunje bila kuiva, unapata mnyoo tegu tumboni. Mrefu, lakini tumboni. Kifafa kinakuja kwa njia nyingine: mtu mwenye tegu anajisaidia porini, mayai yanatoka na kinyesi, yanaingia kwenye maji, mboga au mikono, wewe unayameza. Hayo mayai ndiyo yanakuwa vijifuko mwilini, na yakifika kwenye ubongo ndipo degedege linapoanza. Maana yake hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kupata. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo yenye tegu hii, karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 wa kifafa wanatokana nayo.

#21 Muuguzi wa Zamu
Umesema sawa mwalimu, nilikatisha njia. Asante. Kuna Waislamu safi kabisa nimewaona nao, sasa naelewa kwa nini.

#22 Kijana wa Kongwa
Kwa hiyo dawa ni choo, si kuacha nyama?

#23 Muuguzi wa Zamu
Choo, kumfungia nguruwe asizurure, na nyama iive mpaka ndani. Vyote 3.

#24 Jirani wa Msalato
Mmeacha kimeta. Hicho ndicho kinaua, na watu wanaendelea kula vibudu.

Niliona kwa macho yangu, sitaji kijiji. Ng'ombe alikutwa amekufa asubuhi, tumbo limejaa, damu nyeusi inatoka puani na nyuma, haigandi. Mwenyewe akasema hawezi kupoteza mali yote, akachuna, akagawa kwa bei ya chini. Siku ya nne aliyekuwa akishika kisu alitokewa na kijipele kwenye mkono, kama kang'atwa na mdudu. Kikawa lengelenge, kikapasuka, katikati pakawa peusi kama mkaa, pembeni pamevimba. Cha ajabu hakimuumi! Akaendelea kulima. Alipona kwa sindano kwa sababu mwanaye anasoma udaktari alimlazimisha. Wengine 2 waliokula na kuugua tumbo hawakuwahi matibabu.

Msiniambie kuchemsha sana kunatosha. Usiguse.

#25 Kibaigwa Kwetu
Ukifukia si yanaisha?

#26 Mwalimu wa Sayansi
Ukifukia bila kumpasua, shimo la mita 2, hatari inapungua sana. Kosa kubwa ni kumpasua. Vijidudu vikikutana na hewa vinajitengenezea ganda gumu na kukaa kwenye udongo miongo mingi. Kisiwa cha Gruinard, Uskoti, Waingereza walijaribia silaha ya kimeta mwaka 1942. Watu wa kawaida hawakuruhusiwa kukanyaga mpaka 1990, baada ya kuusafisha udongo kwa kemikali.

Fikiria sasa mahali mlipochuna yule ng'ombe ndipo mbuzi wa jirani wanachunga kesho.

#27 Bwana Mifugo Mstaafu
Hapa niseme lililo moyoni. Watu hawatoi taarifa, nami sikuweza kuwalaumu hata nikiwa kazini. Mfugaji akija kusema ng'ombe amekufa ghafla, anafungiwa mnada, hapewi fidia, wenzake wanamnunia. Nimewahi kusimamia karantini ambayo wazee walikuja kunililia ada ya watoto. Sikuwa na cha kuwapa. Kwa hiyo anaona heri achune usiku. Kama hatutalipia huo mnyama, tusitegemee atatuambia.

#28 Mzee wa Hombolo
Hapo umesema mwanangu.

#29 Mchunga wa Nala
Wakuu nimerudi, nawashukuru wote.

Majibu: sikohoi. Nyumba ni ya tofali na bati, ila Machi nililala siku 4 kwenye tembe kwa wakwe, msibani. Kwa hiyo dada wa Mvumi umenichanganya kabisa. Maziwa ya chai tunachemsha. Ya mgando hatuchemshi, na huwa nakunywa kikombe kila siku nikitoka zizini.

Jana nilienda hospitali nyingine, nikasema mwenyewe kabla sijaulizwa: nafuga, mbuzi wametupa mimba, nilishika kwa mkono. Daktari aliweka kalamu chini, akaniangalia. Nimepimwa makohozi hata kama sikohoi, damu imeangaliwa kwa darubini, na nimepimwa bruselosisi. TB hamna. Darubini hamna kitu, ila homa ilikuwa imeshuka. Bruselosisi kipimo kimoja kimesema ninayo, wakarudia kwa kipimo kingine, kikawa hafifu. Wamechukua damu nyingine kuipeleka mbali, nisubiri.

#30 Binti wa Mvumi
Hapo pa homa kushuka ndipo. Rudi ukapime usiku ikiwa imepanda! Vijidudu vya homa ya papasi ni vigumu kuonekana homa ikiwa imeshuka.

#31 Fundi Maabara
Dada yuko sahihi kwenye hilo la kupima homa ikiwa juu. Na kuhusu bruselosisi, vipo vipimo vya bei rahisi madukani vinavyosema ndiyo kwa watu wengi, vikirudiwa kwa kipimo bora wengi wanakuwa hawana. Usimeze dawa za wiki 6 kwa karatasi moja. Mojawapo ni rifampisini, ambayo tunaitegemea kwa TB. Ukiitumia ovyo unatuharibia wote.

Niwape kitu kimoja cha kufikiria. Moshi, kati ya 2007 na 2008, walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria. Walipopimwa kwa uhakika, waliokuwa na malaria hawakufika 2 kwa kila 100. Na kwenye wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, karibu robo walikuwa nayo: homa ya mgunda, homa ya Q, homa ya kupe, bruselosisi.

#32 Kibaigwa Kwetu
Moshi si Dodoma. Kule kuna baridi, mbu wachache, mashamba na mifereji, ng'ombe wanalala karibu na jikoni. Usituletee hesabu za mlimani.

#33 Fundi Maabara
Ni kweli, si Dodoma, hesabu haziwezi kuwa zilezile. Ila kosa la kuandika malaria bila kuiona nimelishuhudia hapahapa kwetu kwa miaka 11.

#34 Mzee wa Hombolo
Nimesoma yote kwa miwani ya mjukuu. Mleta uzi, wewe na mimi tunakunywa mgando wa namna moja. Nina swali kwa akina mama. Maziwa yakichemshwa hayagandi vizuri kwenye kibuyu, yanakuwa majimaji na hayana ile ladha. Mnafanyaje?

#35 Mama wa Kizota
Shikamoo mzee. Yanaganda vizuri tu. Chemsha mpaka yapande juu ya sufuria, punguza moto, yaache yatokote kidogo. Yaipue, yapoe mpaka ukitia kidole unahesabu 10 bila kuungua. Ndipo uweke vijiko 2 vya mtindi na kukoroga, ufunike kwa kitambaa, ulaze mahali penye joto. Asubuhi yamesimama.

#36 Bwana Mifugo Mstaafu
Mama, huo mtindi wa kuanzishia utoke wapi? Mzee akichota kwenye kibuyu chake cha zamani atakuwa amerudisha ugonjwa uleule kwenye maziwa safi. Uchachu wa mgando hauui hawa bakteria kwa uhakika. Mara ya kwanza anunue mtindi wa pakiti dukani, halafu aendelee kuchota kwenye ule wake mpya.

#37 Mama wa Kizota
Hapo sikupafikiria hata mara moja. Na kibuyu mzee usikioshe kwa maji baridi tu, kimwagie ya moto kabisa, kianike juani, ndipo ukifukize.

#38 Mzee wa Hombolo
Nitajaribu nusu lita. Sijasema nimekubali.

#39 Mchunga wa Nala
Leo afisa mifugo amekuja, amechukua damu ya mbuzi wote 16 na ng'ombe. Majibu baada ya wiki 2. Amesema nisiuze wala kumtoa mnyama.

Sasa kuna jambo sijalisema. Beberu wangu nimeazimisha kwa nyumba 4 tangu Desemba. Mmoja wao ana mbuzi 2 watakaozaa wiki ijayo na mkewe amejifungua juzi. Afisa sijamwambia hilo.

#40 Bwana Mifugo Mstaafu
Beberu anaweza kuupeleka, ingawa zalio na uchafu wa kutupa mimba ndivyo vinavyosambaza zaidi. Mwambie afisa kesho. Huyo mwenye mbuzi wa wiki ijayo mwambie leo. Asiingize mkono, na mkewe asisogee zizini.

#41 Mchunga wa Nala
Nikimwambia na majibu yakija kwamba sina kitu, nitakuwa nimemharibia mbuzi wake kwa maneno. Alikuwa na mnunuzi wa Msalato Jumamosi.

#42 Mrangi Halisi
Mkuu, kaka yangu alikaa miezi 4 kwa sababu hakuna aliyesema. Nenda sasa hivi kabla hajalala.

#43 Mchunga wa Nala
Natoka. Homa imeanza kupanda, nikitoka kwake napitia hospitali wachukue damu ikiwa juu.